Mgongo Mnene, Makali Membamba

Pretoria, 14 Januari 2024

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumai umeamka vizuri na goti limepunguza maneno. Mimi ni mzima, kazi ya jikoni ni ile ile ya kukimbia. Umwambie Wamuyu asante kwa kukuchapishia barua zangu hapo saiba kwake, kwenye kompyuta zake ng'ambo ya barabara, na kunitumia picha za barua zako, kwa sababu kukupigia simu wewe ni sawa na kuipigia fuawe. Nyundo imekula masikio yako yote mawili na bado unaipenda.

Nakuandikia kuhusu kisu ulichonipa nikisafiri. Kila Jumapili hotelini kwetu huja mzee anayeitwa Matthew. Yeye na wenzake ni wakusanyaji wa visu. Wananunua visu vilivyofuliwa kwa mkono, wanaviweka kwenye kabati la kioo, na mara moja kwa mwezi wanakutana kuvishikashika na kubishana. Aliona kisu chako mkononi mwangu akaniomba nikilete kwenye chama chao.

Chuma walikisifu, Baba. Mmoja aliuliza ni cha kiwanda gani, nikamwambia ni springi ya lori lililokufa Kyumbi, akacheka kwa furaha. Halafu wakachukua kipimo cha kubana, kile mafundi wa injini wanatumia, wakapima mgongo wa kisu hapo karibu na mpini. Milimita sita. Huku kila kisu lazima kiwe na kikaratasi chenye jina la fundi, chuma, urefu na unene. Unene huandikwa kwa neno moja tu: chembamba, cha wastani, au kinene. Neno hilo ndilo linaamua kisu kitakaa meza gani na kitajaribiwa kwa kazi gani. Chako wakakiandika kinene, wakakilaza pamoja na visu vya kupasulia kuni.

Sasa sikiliza. Mwezi wa kumi wana maonyesho, na kila mwaka wanampa fundi mmoja mgeni meza yake ya kuuzia. Anayepata hiyo meza hakosi kazi. Henry ameniandikia kwamba kuna mtu wa matairi anataka kukodi hapo penye karakana kuanzia mwisho wa Oktoba, na ati wewe huuzi siku hizi. Najua kaka yangu hana nia mbaya. Lakini karakana ikiwa na kazi, hakuna atakayekuambia uzime moto. Nitumie kisu kingine, chembamba zaidi ya hiki.

Binti yako,
Mueni


Kyumbi, 4 Februari 2024

Kwako Mwaitu,

Nakuita hivyo, yaani mama, hata leo nikiwa na hasira, kwa sababu una jina la mama yangu, na yeye pia alipenda kunirekebisha. Sisi tuko. Goti linauma asubuhi na kuniacha saa sita. Mama yako yuko Kathiani kwa shamba, anakusalimia sana, anasema unakula kidogo. Hajakuona lakini anajua.

Hao wazee wako wa kabati wamenitukana kwa neno moja. Kinene. Wewe umezaliwa nyuma ya hii karakana, unajua unene ni nini. Unene ni umri wa kisu. Mwenye bucha ananoa asubuhi, ananoa mchana, na kila siku jiwe linakula kidogo. Nikimuuzia chembamba, baada ya miaka miwili ataniletea kijiti cha kuchokoa meno. Mimi nauza kisu ambacho mtu atakiacha kwa mtoto wake. Hao wanaokilaza kwenye kioo hawakinoi, basi watajuaje kinahitaji nyama ya kuliwa na jiwe?

Sitengenezi kisu cha kukata keki. Nimefua chuma hapa tangu hii barabara ya kuingia Machakos ikiwa ya vumbi, na sijaona mteja akirudisha kisu akisema kimemzidi unene.

Henry amekuja hapa na huyo mtu wa matairi. Amepima ploti kwa hatua zake, mbele yangu, kama mimi ni mti. Nikaendelea kupiga chuma. Umwambie ndugu yako kwamba moto huu nitauzima mimi, siku nikitaka.

Baba yako


Pretoria, 25 Februari 2024

Baba,

Natumai hasira imetulia na goti pia. Mimi ni mzima, na nimekula, umwambie Mama.

Kuna jambo nililiruka kwenye barua ya kwanza kwa sababu sikutaka kukuumiza. Siku ile kwenye chama waliniomba nikate karoti kwa kisu chako. Nikaweka makali, nikabonyeza. Karoti ilipasuka yenyewe kabla makali hayajafika katikati, kipande kimoja kikaruka mpaka kwenye kiatu cha mtu. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo liliniuma. Nilikasirikia karoti, halafu nikawakasirikia wao, halafu nikakukasirikia wewe.

Matthew alinichorea kwenye kitambaa cha meza. Anasema unene wa kisu uko mahali patatu. Mgongoni karibu na mpini, hapo unajua nguvu yake. Mgongoni kuelekea ncha, hapo unajua kama kitachosha mkono. Na pale juu kidogo tu ya makali, ambapo macho hayafiki, hapo ndipo panasema kitakata au kitapasua. Alisema hata kwenye chama chao wengi hupima mgongo peke yake kwa sababu ni rahisi, na kwa hilo hugombana nao kila mwezi. Chako akakipima hapo chini. Baba, ni kinene hapo pia. Hakuna tofauti kubwa na mgongo.

Sikuandikii haya ili nikushushe. Nimekata vyakula miaka tisa sasa, najua kisu kinachonisaidia na kinachonipiga vita. Ningetaka cha kwako kiwe kile cha kwanza.

Binti yako,
Mueni


Pretoria, 19 Mei 2024

Baba mpendwa,

Hujambo? Hii ni barua ya tatu bila jibu, pamoja na ile fupi ya Aprili. Wamuyu ananiambia unazichukua, unazisoma ukiwa umesimama, unazikunja unaenda. Henry naye anasema siku hizi unapanda gari la Kithimani na hasemi unaenda kufanya nini, kwa sababu hajui. Kama umekasirika niambie umekasirika. Kama unaumwa, hilo pia niambie.

Binti yako,
Mueni


Kyumbi, 9 Juni 2024

Kwako Mwaitu,

Siumwi. Nilikuwa nimekasirika mpaka Pasaka, baada ya hapo nilikuwa na kazi. Mvua ilinyesha vizuri, mahindi ya Kathiani yamebeba, mama yako anaimba hata siku ambayo si ya kwaya. Wamuyu anakusalimia.

Barua yako ya karoti niliisoma nikaiweka mfukoni, na mfukoni ikakataa kukaa kimya. Nikaenda sokoni nikanunua karoti. Nikachukua kisu kipya, nikakata. Ikapasuka. Nikasema ni karoti kavu. Nikanunua zingine. Mama mboga akaniuliza kama tumefuga sungura.

Basi nikaenda Kithimani kwa Bartholomew mwenye bucha, yule ambaye nimemuuzia visu tangu akiwa kijana. Nikamwomba kisu changu cha zamani, kile ameshika miaka kumi. Nikatoa karoti mfukoni mbele ya wateja wake. Mueni, kisu kikashuka kama ndani ya siagi. Mgongo wake ni ule ule niliofua mimi, mnene, haujaguswa. Lakini chini hapo, juu kidogo ya makali, pamekwisha. Nikaweka ukucha, nikabonyeza makali, nikaona yanajipinda kidogo na kurudi.

Nikamwambia aninolee mbele yangu. Unajua wanavyonoa watu wetu. Hawainui kisu. Wanakilaza kwenye jiwe, ubavu mzima, maji kidogo, huku na huku wakipiga hadithi. Kwa miaka yote hiyo jiwe halikuwa linakula makali peke yake, lilikuwa linakula ubavu. Nikamwandikia kwenye karatasi ya kufunga nyama: hiki kisu kilianza kukata vizuri lini? Akaandika: mwaka wa nne. Nikamwandikia: na mbona hukuniambia? Huyo mtu akacheka mpaka akashika meza, halafu akaandika: nani atamwambia Mwanzia?

Nimeuza visu nusu, Mwaitu, na wateja wangu wamekuwa wakinimalizia kazi. Kila mmoja alijua miaka ya kwanza ni ya kuteseka, na kila mmoja alinyamaza kwa sababu ya heshima, ama kwa kuogopa mdomo wangu. Nimekwenda kwa wenye bucha wengine wawili, nao wakaandika hayo hayo. Ndiyo maana ya safari za Kithimani. Henry anafikiri nimepata mwanamke.

Sasa nimeamua. Hiyo miaka minne nitaisaga mimi mwenyewe kabla kisu hakijatoka hapa. Chako cha Oktoba kitakuja.

Baba yako


Kyumbi, 28 Julai 2024

Mwaitu,

Salamu. Baridi ya Julai imeniingia kwenye goti kama mpangaji asiyelipa. Wengine wote wazima.

Nimeharibu visu vitatu. Nilipunguza ubavu kwanza, halafu nikakitia kisu motoni na kukizima kwenye mafuta ili kiwe kigumu. Chuma kikiwa chembamba hapo chini hakivumilii. Cha kwanza kilipinda. Cha pili kilipinda upande wa pili, nadhani kwa kunidharau. Cha tatu kililia ndani ya mafuta. Sikusikia, lakini nilihisi kwenye koleo, na nikakiinua kimepasuka makali. Hilo ni kosa la mwanafunzi, na mimi nina wajukuu.

Sasa nafua kinene, nakizima kikiwa kinene, halafu ndiyo nalaza kwenye jiwe. Mashine siwezi kutumia, inapasha moto chuma na kuua ugumu. Ni jiwe na maji na mkono. Mabega yanawaka. Nikichoka nafikiria yule mtu wa matairi akipanga bidhaa zake hapa penye fuawe, na nguvu zinarudi.

Baba yako


Pretoria, 18 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Habari za nyumbani? Hapa baridi inaisha. Pole kwa mabega, na pole kwa vile visu vitatu, ingawa cha pili nimekipenda kwa tabia yake.

Nimefurahi kusoma unavyofanya, kuliko nilivyojua naweza kufurahi. Lakini naomba kitu. Kwa vipimo ulivyompa Wamuyu anitumie, mgongo wa kisu kipya bado ni milimita tano. Katibu wa chama ni mtu wa sheria, na sheria yake ni mgongo tu. Zaidi ya nne ni kinene. Kikiandikwa kinene kitaenda kwenye meza ya gogo, na huko majaribio ni kupiga mti mkavu. Makali uliyosaga hivyo yatavunjika. Ukipunguza mgongo mpaka tatu, kitaandikwa cha wastani na tutakuwa salama. Ni milimita mbili tu, Baba, na Oktoba iko mlangoni.

Binti yako,
Mueni


Kyumbi, 1 Septemba 2024

Kwako Mwaitu,

Sisi wazima. Mama yako ameweka nyongeza ya dengu kwenye mfuko wa mtu anayekuja huko, uzipokee.

Mgongo sipunguzi. Nilikosea hapo chini, nimekubali na nimerekebisha. Hapo juu sikukosea. Kisu chenye mgongo mnene hakitetemeki mkononi, kinakaa kwenye mstari, na mwenye mkono wa jasho anakiamini. Nikikipunguza ili kikaratasi kifurahi, nitakuwa nimetengeneza kikaratasi.

Kisu kimeondoka leo na huyo mwenye dengu. Kwenye unene uandike hivi, maneno manne, usipunguze: mgongo mnene, makali membamba. Wakisema nafasi ni ya neno moja, waandike herufi ndogo.

Henry amempa mtu wa matairi ahadi ya tarehe thelathini na moja. Mimi sijampa ahadi yoyote.

Baba yako


Ujumbe wa simu, kwa Wamuyu, Jumamosi 12 Oktoba 2024

Wamuyu, tafadhali vuka barabara sasa hivi umpe Baba hii.

Baba, niko kwenye maonyesho. Niliandika maneno yako manne, katibu akakata matatu, akabaki na mnene. Kisu kilipelekwa kwenye meza ya gogo. Mtu alikuwa ameshakiinua. Nimeweka mkono wangu juu ya gogo na siutoi. Wamekasirika. Wanasema ni fundi peke yake anayeweza kubadilisha meza, na bila neno lake kijaribiwe kwa gogo ama kiondolewe. Niambie nifanye nini.

Binti yako


Picha ya karatasi, Jumamosi 12 Oktoba 2024

Mkono usitoke.

Mimi Mwanzia wa Kyumbi ndiye nimefua hicho kisu. Hakikutengenezwa kukata mti. Kama wanataka cha kukata mti nitawatumia shoka, na litakuwa zuri. Hiki kijaribiwe kwa kazi yake. Wakikataa, kifunge kwenye kitambaa, uwaage kwa heshima, uende nyumbani. Meza isiwe sababu ya kisu kuvunjwa, wala ya wewe kuinamisha kichwa.

Baba yako


Pretoria, 20 Oktoba 2024

Baba mpendwa,

Natumai huu ujumbe unawakuta wazima wote, na Wamuyu amepumzika baada ya kukimbia. Amenieleza ulivyoandika ile karatasi ukiwa umepiga goti moja chini, ukitumia fuawe kama meza. Alama ya kidole chako cha makaa imeonekana kwenye picha.

Sikukuandikia wiki nzima kwa sababu kila nikianza nachana karatasi. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kupiga kelele. Jikoni hata wakinipa zamu mbili huwa nanyamaza. Siku ile sikujua nimeweka mkono pale mpaka nilipouona. Yule mwenye kisu alikuwa amekiinua juu. Akaniambia niondoke, ni hatari. Nikamwambia najua ni hatari, ndiyo maana nimeuweka.

Karatasi yako ilipofika, Matthew aliniomba niisome kwa Kiswahili kwanza, halafu niitafsiri. Watu walikuwa wamejaa. Nilipofika kwenye shoka wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilitusaidia. Katibu akasema sheria ni sheria. Ndipo jaji mmoja, mama mwenye nywele nyeupe, akachukua kipimo akapima pale chini, juu kidogo ya makali. Akapima tena. Akampa katibu kipimo apime mwenyewe. Katibu akasoma namba, akabeba kisu kwa mikono yake mpaka meza ya vyakula.

Wakakata malenge gumu, likafunguka bila sauti. Wakakata nyanya kwa uzito wa kisu tu. Sitakudanganya kwamba kila kitu kilisifiwa. Walisema mpini ni mfupi kwa mkono mkubwa, na kweli ni mfupi. Matthew akaandika upya kikaratasi kwa mkono wake, maneno yote manne, kwa herufi ndogo.

Baba, wamekupa meza. Ni ya maonyesho yao mengine, ya mwezi wa nne mwakani. Watu watano wamenipa majina yao wakitaka visu, na mmoja ni katibu.

Lakini kuna sharti moja. Fundi lazima awe amekaa kwenye meza yake, awajibu watu mwenyewe. Hawakubali mwakilishi. Niliwaambia Baba hasikii, hajawahi kupanda ndege, na akitoka Kyumbi zaidi ya siku mbili anaugua. Wakasema wataelewa nikiwaambia hapana. Nimewaambia nitakuuliza tu. Usijisumbue. Hata bila hiyo meza, kazi ya hao watano ipo.

Sijakuona miaka sita, kwa hivyo labda mimi si mtu wa kuulizwa maoni.

Binti yako,
Mueni


Kyumbi, 1 Novemba 2024

Kwako Mwaitu,

Tuko wazima. Mvua imeanza jana jioni na mama yako ameenda kupanda.

Mtu wa matairi alikuja jana kama alivyoahidiwa, na pikapu imejaa. Nilikuwa nimewasha moto tangu alfajiri, nafua cha huyo katibu. Henry alisimama mlangoni muda mrefu akinitazama. Ile barua yako nilikuwa nimempa aisome asubuhi, na alikuwa ameishika bado. Mwishowe akaenda kwa pikapu, wakaongea, mikono ikarushwa, gari likageuka likaenda. Akarudi ndani. Akavua saa yake, akashika upande wa pili wa koleo. Anashika vibaya, lakini anashika.

Sasa sikiza. Umewaambia hao watu kwamba siwezi kuja. Nani alikutuma? Nilitoka hapa nikaenda kuhesabiwa makosa na wenye bucha watatu wa Kithimani, sembuse watu wa kabati. Nimepigwa picha za pasipoti, Wamuyu anasema nimekunja uso mno lakini zitapita. Henry atalinda moto nikiwa huko. Wakiniuliza kitu waandike. Nimeona kwamba watu wakiandikiana na mimi ndiyo wanasema ukweli.

Mpini nimeurefusha. Nimepima kwa mkono wa Henry, ndio mkubwa kwetu.

Jambo la mwisho, na hili usiliulize mtu yeyote kwa niaba yangu, uwaambie tu. Mimi nilifua hicho kisu, lakini siku kilipotaka kuvunjwa mkono uliokuwa juu ya gogo haukuwa wangu. Kwenye hiyo meza waandike majina mawili. Waweke viti viwili.

Baba yako